Mwaka wa Waya wa Buluu

Kilichonishtua kwanza kilikuwa mkwaruzo. Kitu kizito kilikuwa kinakokotwa juu ya saruji upande wa pili wa ukuta wangu, kikinguruma, kikikwama, kisha kikinguruma tena, kwa sauti niliyoihisi kwenye meno kabla ya kuisikia vizuri masikioni. Ilikuwa mchana wa mvua, mjini Kisangani, nami nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta nikimwonyesha msimamizi wangu, aliyekuwa ng'ambo, picha za hadubini za mti wa afromosia uliokatwa Yangambi. Nilikuwa katikati ya sentensi. Mkwaruzo ulikoma, uso wa msimamizi ukaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, na kabla sijajua nilaumu nini, sauti ya mwanamke ilipanda kutoka chumba kile kile, ikafuatwa na nyingine na nyingine, mpaka nyumba nzima ikawa inalia. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Papa Hamadi, mwenye nyumba, alikuwa amefariki hospitalini.

Leo asubuhi mwanawe, Ramazani, amenitumia ujumbe. Hatujazungumza tangu nilipoihama nyumba yao. Ameandika: «Mama ametuacha. Tunakujulisha.» Hakuna salamu, hakuna jina. Nimeusoma nikiwa ndani ya ghala la mbao hapa Yangambi, ambako ninamalizia utafiti wangu wa uzamivu, na nimerudia kuusoma, jambo ambalo sikulitarajia, kwa sababu marehemu Mama Zaina hakuwa mtu niliyempenda, wala yeye hakunipenda, na hakuna kati yetu aliyejisumbua kulificha jambo hilo. Najua ninachopaswa kufanya. Mtu aliyelala chini ya paa la watu hupiga simu wanapofiwa, hata kama waliagana vibaya. Lakini nimeigeuza simu kifudifudi juu ya meza, na badala ya kupiga ninaandika, kwa sababu mimi ni mtu ambaye lazima nifungue kila skrubu kabla ya kukubali kwamba kitu kimeharibika. Sitasimulia wazazi wangu wala nyumba yetu ya wavuvi kando ya maporomoko. Nitaanza na chumba, maana mwaka ule wote ulikaa ndani ya chumba.

Kilikuwa chumba cha nyuma, katika mtaa wa Kabondo, kimegawana ukuta na chumba cha kulala cha wenye nyumba. Papa Hamadi aliuza vitenge. Alikuwa wa mojawapo ya zile koo za Waislamu ambazo mji huu umezizoea tangu enzi za misafara, na alipenda vitu vinavyofungika kwa ufunguo. Alipoleta mtandao nyumbani na mafundi wakapandisha antena juu ya paa, hakukubali modemu ikae sebuleni kila mgeni aishikeshike. Aliiweka chumbani mwake, juu ya kijimeza, pamoja na betri ya kuilisha umeme unapokatika. Kutoka hapo waya mrefu wa buluu ulipita sakafuni kando ya ukuta, ukapenya katika tundu alilolitoboa mwenyewe, ukatokea kwangu nyuma ya meza. Siku aliponionyesha chumba aliinua ncha yake kama mvuvi anayeinua samaki ili uuone uzito. «Wengine banakuuzia hewa, Béa,» aliniambia. «Mimi niko nakupatia waya.» Waya ule ndio ulionifanya nichukue chumba. Kompyuta niliyoazimwa na maabara ya ng'ambo ilikuwa ya mezani, pana kama sanduku la mchele, na haikuweza kunasa mtandao wa hewani. Ilitaka waya, au ikae bubu.

Nami sikuweza kuiacha ikae bubu. Maabara ilikuwa imenipa mwaka mmoja wa majaribio. Nilipaswa kupakia kwao picha zote za vipande vyangu vya mbao, picha nzito sana, na kuzitetea ana kwa ana kwenye kioo kila walipoitisha kikao. Nikifaulu, nafasi ya uzamivu ingekuwa yangu, na nisipofaulu, kulikuwa na mwenzangu mwingine, wa nchi nyingine, aliyekuwa akiingojea nafasi hiyo hiyo. Sikuwa na nafasi nyingine popote. Chumba cha kompyuta cha chuo kilikuwa kimefungwa tangu betri zake zilipokufa, na vifurushi vya simu viliteketea kabla picha chache hazijafika. Kila kitu nilichokuwa nimekisomea kilipaswa kupita ndani ya waya ule wa buluu.

Siku za matanga sikuuliza kitu. Nilidhani mtu amezima modemu kwa heshima ya marehemu, na nikaona ni sawa. Ua ulijaa wanawake waliokaa juu ya mikeka, masufuria ya wali yakichemka, sauti za kisomo zikipanda na kushuka. Nilikwenda maporomoko kwa mama yangu, nikarudi na samaki wabichi, nikawapika na lituma, ndizi zilizopondwa vizuri kama tunavyozipenda sote hapa, nikapeleka sahani iliyofunikwa kitambaa. Shangazi mmoja wa marehemu aliipokea, akafunua, akatazama, akauliza kwa upole ulionikwaza kuliko tusi ni nani aliyewasafisha samaki hawa na kwa kisu gani. Nikamwambia ni mimi. Jioni sahani ilirudi imeoshwa, tupu, na sikujua samaki wale waliliwa na nani, au na nini. Nimeifikiria sahani ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mtandao ulirejea, lakini haukurejea ulivyokuwa. Picha moja iliyokuwa ikipanda wakati maji ya chai yanachemka sasa ilichukua muda wa chai, wa kunywa, wa kuosha kikombe na wa kukata tamaa. Vikao vikawa mateso: sauti ya msimamizi ilifika vipande vipande, uso wake ukigeuka mraba mraba kama kitambaa cha batiki. Nilianza kutafuta chanzo jinsi nilivyofundishwa kutafuta chanzo cha jambo lolote, kwa kuondoa kimoja kimoja. Nilizima masasisho yote yaliyokuwa yakijipakua kisirisiri. Nilisafisha kompyuta kwa dawa za virusi, nikafuta mfumo wote na kuuweka upya, jambo lililonipotezea wiki. Nilibadilisha kadi ya mtandao kwa nyingine niliyoinunua soko kuu. Nilichomoa waya na kuuchomeka tena, nikapuliza vumbi tunduni. Hakuna kilichobadilika. Nikatoka ukumbini, nikaazima simu ya mtoto mmoja wa nyumba, nikaijaribu kwenye mtandao wa hewani wa modemu ile ile, na video ikafunguka mara moja, ikakimbia bila kusita. Kwa hiyo antena ilikuwa nzima. Modemu ilikuwa nzima. Simu zao zilikimbia, kompyuta yangu ilitambaa.

Mtu mwingine angehitimisha kwamba tatizo liko kati ya modemu na kompyuta. Mimi nilihitimisha kwamba kuna mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Ramazani. Baada ya maziko alijitwalia nenosiri la modemu, akalibadilisha, na kila nilipouliza alisema lile jipya ni la familia. Alikuwa na umri wangu, alirithi duka la baba yake pamoja na kiti chake cha plastiki barazani, na jioni vijana wa mtaa walikuja kukaa karibu na kiti hicho wakiwa wameinamisha vichwa juu ya simu zao. Nilishawishika kwamba anawauzia mtandao, na kwamba ameingia ndani ya modemu na kuubana upande wangu ili upande wao upanuke. Ushahidi wangu ulipangika vizuri. Hilo ndilo lililonidanganya. Siku moja nilimwuliza mbele ya vijana wale kama amenibana. Hakuinua macho.

«Miti iko na muchwa,» akawaambia wenzake, «na mutandao iko na Béa. Anakula tu, anakula, halafu anauliza nani alikula.»

Walicheka. Nikamwambia kwamba mimi ninalipia, na kwamba baba yake aliniahidi waya unaofanya kazi. Hapo ndipo aliponitazama. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nisimwingize baba yake katika maneno ya waya, kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika, kwamba Docta wa miti aende akaulize miti. Tangu siku ile mtaa mzima uliniita Docta wa miti. Wanawake waliomenya ndizi uani walilitumia jina hilo wakidhani sisikii, na niliwasikia pia wakijadili, kwa utulivu wa watu wanaozungumzia bei ya chumvi, kama msichana asiyeolewa ambaye kutwa anaongea na mwanaume ndani ya kioo anaweza kweli kuwa anasoma.

Mama Zaina sikumwona. Alikuwa katika eda. Alikaa chumbani mwake, upande wa pili wa ukuta wangu, amevaa nguo nyeupe zisizo na pambo, hatoki ila kwa dharura, wala mwanaume asiye wa damu yake haingii. Nilizijua siku zake kwa sauti tu: kikohozi, maji ya kutawadha, punje za tasbihi, sahani ikiwekwa mlangoni. Wala sikufikiri hata mara moja, mimi niliyefikiri juu ya kila kitu, kwamba ukuta uliokuwa ukiniletea punje za tasbihi ungempelekea yeye sauti yangu.

Nilimwita fundi wa kampuni iliyotuletea mtandao. Alikuja kwa pikipiki, na mkoba wenye zipu nyingi, akiwa na haraka. Akapanda juu ya paa, akashuka, akasema ishara ni nzuri sana, bora kuliko ya jirani. Nikamwomba aikague modemu na waya kuanzia mwanzo. Alitazama mlango wa chumba, pazia lake lililoshushwa, na viatu vya mjane vilivyopangwa kizingitini, akaelewa bila kuambiwa. «Pale siingii,» alisema. «Hata wakiniruhusu, siingii.» Badala yake aliingia kwangu, akaipiga kompyuta kofi dogo ubavuni kama mtu anayepima tikiti maji, akatangaza kwamba imezeeka, donc, basi, ninunue nyingine. Akaondoka. Ramazani, kutoka kwenye kiti chake, aliuliza kwa adabu ya uongo kama mgonjwa amepata dawa.

Katika wiki zile nilimpigia dada yangu mara kwa mara. Yeye anaishi Kinshasa, na sisi wawili huzungumza Lingala tunapokuwa na hasira. Nilimweleza kila kitu: jinsi wanavyojifanya watu wa dini ilhali wanauza mchana kweupe kitu nilichokilipia, jinsi kijana yule alivyokalia kiti cha baba yake kabla hakijapoa, jinsi mama yake alivyojifungia asione wala asiulizwe. Sentensi moja niliirudia karibu kila mara, kwa kuwa ilikuwa fupi na ilinipoza: «Bato oyo bazali miyibi.» Watu hawa ni wezi. Niliisema nimeegemea ukuta, kwa kuwa hapo ndipo simu iliponasa vizuri.

Jibu lilikuja kutoka pale nilipokuwa sijatazama. Msaidizi wa msimamizi wangu, katika barua moja kavu, aliniuliza kama nimeangalia taa iliyopo kwenye tundu la waya nyuma ya kompyuta. Sikuwa nimeiangalia, kompyuta ilikuwa imeupa ukuta mgongo. Nikaivuta, nikainama. Taa ilikuwa ya rangi ya chungwa, ilhali ilipaswa kuwa ya kijani. Nikafungua mipangilio, mahali ambapo kompyuta hutaja kasi iliyokubaliana na modemu, nikakuta imeandikwa megabiti kumi mahali pa mia. Hakuna mtu anayeweza kuibana kasi ile kwa nenosiri. Kompyuta na modemu hukubaliana zenyewe, na hushuka mpaka kumi, zikipoteza data njiani, pale ambapo nyuzi zilizomo ndani ya waya hazipitishi vizuri. Waya ulikuwa umejeruhiwa. Mahali fulani kati ya ncha iliyokuwa mkononi mwangu na ile iliyokuwa chumbani mwa mjane, nyuzi zilikuwa zimepondwa au zimekatika, na hakuna mwizi aliyehusika.

Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi ni hasira mpya, kwa sababu sasa nilijua ninahitaji kuingia wapi. Nilimwomba Ramazani aniombee ruhusa kwa mama yake: mimi ni mwanamke, nitaingia, nitafuata waya kwa macho, nitatoka. Alikwenda kuuliza, nikamsikia akinong'ona nyuma ya pazia, akarudi. «Mama anasema chumba ya eda haiko cyber.» Nikamwomba arudi tena. Akakaa kwenye kiti chake.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha mwisho kabla ya uamuzi. Nilikuwa nimejiandaa kuliko mtihani wowote maishani mwangu. Nilianza vizuri, nikaonyesha vishimo vya mbao, nikaeleza pete zake, kisha nyuso zao zote zikaganda pamoja, na nilipozipata tena mmoja wao alikuwa akisema, na sauti yake ilifika ikiwa nzima safari ile, kwamba pengine haya hayafai kuendelea. Msimamizi aliniambia, si kwa ukatili, kwamba anajua nilipo na mazingira yangu, lakini picha zangu nyingi bado hazijafika, na kamati itaamua kwa kile kilichofika. Kisha kioo kikawa cheusi.

Niliinuka. Sikupita barazani kwa Ramazani. Nilizunguka mpaka kwenye pazia, nikasimama mbele ya viatu vile, nikasema: «Mama Zaina, ni Béa. Naomba kuingia.» Punje za tasbihi zilikoma. Kisha sauti ikasema: «Vua viatu.»

Chumba kilinuka ubani na kitambaa kilichoanikwa kivulini. Kitanda hakikuwapo, palikuwa na godoro sakafuni, na Mama Zaina amekaa juu yake, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, tasbihi mapajani. Modemu iliwaka juu ya kijimeza. Kabati kubwa la nguo, la mbao ngumu, lenye milango miwili na kioo kilichofunikwa shuka, halikuwa limesimama ukutani kama makabati yanavyosimama. Lilikuwa limesukumwa mshazari hadi kona iliyopakana na chumba changu. Nikaufuata waya wa buluu kwa macho, kutoka kwenye modemu, chini, kando ya ukuta. Uliingia chini ya mguu wa mbele wa kabati na kutokea upande wa pili ukiwa bapa kama utepe.

Ndipo niliposikia tena, kichwani, ule mkwaruzo wa siku ya msiba. Habari ilipofika kutoka hospitalini, wanawake wa ukoo walitoa kitanda na kukokota kabati ili wapate nafasi ya kuketi na mfiwa. Nilikuwa nimeusikia mwanzo wa tatizo langu kwa masikio yangu, na uso wa msimamizi uliganda papo hapo, nami nikaenda kumtafuta mwizi.

«Umeona sasa,» Mama Zaina alisema.

Nikamwuliza kama alikuwa anajua.

«Niko nalala hapa. Kila siku niko naiona.»

«Kwa nini Mama hakusema?»

Alizungusha punje moja, halafu nyingine. «Uliniuliza mimi? Uliambia ukuta. Bato oyo bazali miyibi.» Aliitamka vizuri kuliko mimi, akiiga hata uchovu wangu, hata ule mkazo niliouweka mwishoni. «Lingala iko yangu sawa vile iko yako, binti. Nimezaliwa hapa. Bwana yangu hata udongo haujakauka juu yake, na wewe uko unasema mutoto yake iko mwizi. Mimi nikakamata kinywa. Nikasema, aache atafute.»

Nikasema, kwa sauti ambayo naijua ilikuwa ya kuomba ingawa maneno hayakuwa ya kuomba, kwamba nikiliinua kabati kidogo tu, na kuupitisha waya mwingine, nitakuwa nimemaliza. Alitikisa kichwa. Wanawake wa ukoo ndio walioliweka pale siku ya kilio, na ni wao watakaolirudisha siku atakapotoka eda. Kabla ya hapo hakuna mkono utakaoligusa. Sijui mpaka leo kama hiyo ni sharia, au ni desturi ya ukoo wao tu, au aliitunga akiwa amekaa pale juu ya godoro akinitazama. Nikamwuliza kama ningepitisha waya mpya mlangoni, chini ya pazia. «Na mulango utafunga namna gani?» akauliza. Nikamwambia kwamba nikikosa nafasi ile sina nyingine.

«Najua,» alisema. «Hiyo pia uliambia ukuta.»

Nilivaa viatu. Siku zilizobaki za eda yake nilizipitisha nikituma kidogo kidogo kile kilichokubali kutumika, na hatukusemezana. Nilihamishia simu zangu uani, mbele ya wamenya ndizi. Ramazani aliambiwa na mama yake, nadhani, kwa sababu aliacha kunitania. Chuki yake ikawa ya kimya na ya heshima, ambayo ni nzito zaidi kuibeba. Aliponipisha ukumbini aliubandika mgongo wake ukutani kama anayempisha mgonjwa.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja wamevaa vitenge vipya, ua ukanuka pilau. Nilikuwa chumbani mwangu nilipousikia mkwaruzo ukirudi, safari hii ukienda upande mwingine, na vicheko juu yake. Shangazi yule wa samaki ndiye aliyekuja kunigongea, akasema nimeitwa. Nilikuwa na waya mpya uliokuwa ukingoja chini ya kitanda changu tangu siku niliyoingia chumbani mule. Nikauchomeka kwenye modemu, nikaupitisha tunduni, huku Mama Zaina, amepakwa hina mikononi, akinitazama kutoka kwenye kiti kama mtu anayesimamia kazi aliyoilipia. Nikarudi kwangu, nikainama nyuma ya kompyuta. Taa ilikuwa ya kijani.

Nikafungua barua pepe. Ile kutoka maabara, ambayo zamani ingechukua muda wa kupika uji, ilifunguka kabla sijaondoa kidole. Kamati ilinishukuru kwa juhudi zangu. Nafasi ilikuwa imepewa mwenzangu. Waliniruhusu kubaki na kompyuta.

Niliisoma mara moja tu, nikaihama nyumba ile kabla wiki haijaisha. Nafasi ya uzamivu niliipata baadaye, hapa hapa, kwa njia ndefu zaidi, nikifika kwenye miti yenyewe kwa mashua badala ya kuituma nje kwa picha, na kuna siku ninaamini kwamba hivi ni bora, na kuna siku siamini. Sikuwahi kumsamehe Mama Zaina. Nimelichunguza neno hilo asubuhi nzima, nikijaribu kuona kama ni la kweli bado, na ninaona ni la kweli. Ninaona pia kwamba katika mwaka ule wote ni yeye peke yake aliyesikiliza kila neno langu, mpaka mwisho, bila kukatika.

Chai yangu imepoa. Nimeigeuza simu, nimepiga.

Imelia kwa muda. Kisha sauti ya Ramazani, nzito kidogo kuliko zamani: «Docta.»

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga kwa Kiswahili, nikayapima, yalikuwa mafupi na yenye staha. Lakini nyuma ya sauti yake, ndani ya nyumba iliyojaa watu, kitu kizito kilikuwa kinakokotwa juu ya saruji. Kikinguruma, kikikwama.

«Ni kabati?» nikamwuliza.

«Bamama banapanga chumba,» akasema. «Bapate nafasi ya kukaa.»

«Na waya?»

«Iko pale pale. Kuna mwingine kwa chumba yako sasa. Yeye pia iko anasoma.»

«Basi uwaambie walinyanyue kabati, Ramazani. Wasilikokote.»

Nikamsikia akiitoa simu sikioni. Sauti yake ikatoka mbali, ikiwa imegeuzwa upande mwingine: «Bamama, muache kwanza. Munyanyue. Mumoja akamate huku.» Mkwaruzo ukakatika. Akarudi kwenye simu, nikasikia pumzi yake, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka.

Ndipo nikampa pole.